Ganda la resini la monita Severn (1/700) limeinuka omo na tezi: kosa ni la joto, la kiwandani au la mkono wangu?

#1 Fundi_wa_Winam (Kisumu)

Habari za jioni, wenzangu. Nina jambo ambalo limeninyima usingizi kwa wiki mbili. Ninajenga mfano mdogo wa monita (meli ya kivita ya maji ya kina kifupi) ya Waingereza, HMS Severn, kwa skeli ya 1/700, yaani mara 700 ndogo kuliko meli halisi. Ni seti ya resini isiyo na sehemu ya chini ya maji, na ganda lake, yaani mwili wa meli, limekataa kulala. Nikiliweka juu ya kioo, katikati panagusa, lakini omo (mbele) na tezi (nyuma) zinaelea. Kwa kuwa sina kifaa cha kupimia nafasi ndogo, nilikata karatasi ya daftari vipande, nikawa navipenyeza chini ya omo kimoja kimoja hadi kikakataa kuingia kingine. Viliingia 11. Chini ya tezi viliingia 7. Karatasi ya kawaida ina unene wa milimita 0.1 hivi, kwa hiyo omo imeinuka kwa zaidi ya milimita moja, ambayo kwenye meli halisi ingekuwa karibu sentimita 77.

Kwa wasioifahamu, Severn ilikuwa na urefu wa mita 81 hivi, nayo kwa skeli hii inatoka milimita 116. Ilijengwa Uingereza na kampuni ya Vickers kwa ajili ya mito ya Brazili, Waingereza wakainunua wenyewe mwaka 1914, na Julai 1915 iliingia delta ya Rufiji pamoja na mwenzake Mersey kuimaliza manowari ya Kijerumani Königsberg. Meli ya mtoni haina ubavu mrefu juu ya maji, ndiyo maana ganda la seti hii ni bapa kama rula ya mwanafunzi.

Nililofanya ni hili: nilikata kwa msumeno mwembamba bamba la resini lililobaki chini baada ya kumiminwa, nikasugua chini kwa msasa wenye maji juu ya kioo, nikaosha kwa maji ya uvuguvugu na sabuni ya vyombo, nikapuliza praima (rangi ya kwanza ya msingi), kisha nikabandika juu ya plaiwudi kwa supagluu. Siku ya nne omo ikabanduka kwa mlio mdogo kama wa kiberiti kinachovunjika. Nikalitoa lote, nikalizamisha katika maji moto, nikalinyoosha na kulilaza chini ya kamusi. Lilikaa sawa siku moja, kisha likarudi lilikotoka. Naomba mawazo yenu.

#2 Kondele77

Pole, kaka. Ulilihifadhi wapi? Mimi niliwahi kuacha seti juu ya kabati katika chumba cha mabati kisicho na dari, mwezi wa pili, na niliporudi jioni nikakuta mlingoti umeinama kama mtu anayewaamkia wakwe. Resini hulainika. Jibu ni joto, na uzi huu ungeweza kuishia hapa.

#3 Mwalimu_wa_Section58 (Nakuru)

Hauwezi kuishia hapo, Kondele77, kwa sababu mlingoti mwembamba kama sindano na ganda lenye unene wa milimita kadhaa havipokei joto kwa namna moja.

Tuanze na jinsi vipande hivi vinavyotengenezwa. Resini ya poliyurethani ni vimiminika viwili ambavyo, vikichanganywa, hupata joto vyenyewe na kuganda ndani ya dakika chache katika kalibu ya mpira wa silikoni. Palipo pazito hupata joto zaidi kuliko palipo pembamba, na kila sehemu husinyaa kidogo kwa kasi yake. Mfanyakazi mwenye haraka akilitoa ganda kabla halijakomaa, basi linatoka likiwa na mvutano ndani yake ambao macho hayauoni. Lile bamba la chini ndilo linalolishika lisijikunje, na siku unapolikata, umeufungua mkono uliokuwa umelibana.

Nasema hivi kwa sababu lilinifika. Nilikata bamba la ganda la manowari jioni, nikaliacha mezani likiwa limenyooka, na asubuhi nikalikuta limeinua omo. Ilikuwa mwezi wa saba, Nakuru, nami nilikuwa nimevaa sweta mbili. Hapo joto la mabati liliingilia wapi?

#4 Gati_la_Zamani (Kisumu)

Watu wa Kisumu kulalamikia meli ya kuunganisha ni jambo la aibu kidogo. Mji huu ulizoea seti kabla ya sisi sote kuzaliwa. William Mackinnon, Winifred, Sybil na Usoga zote zilijengwa Paisley, Skotlandi, na kampuni ya Bow, McLachlan, zikafunguliwa vipande vipande, zikasafirishwa, kisha zikaungwa upya papa hapa. William Mackinnon iliingia majini mwaka 1900, wakati reli yenyewe ilikuwa bado haijafika. Sijasikia kwamba waliziweka chini ya kamusi.

Nashangaa tu kwamba hukuchagua moja ya hizo, ingawa nadhani Severn nayo ilikuja ziwani kupiga Bukoba.

#5 Dada_Msasa (Kakamega)

Shikamoo, mzee Gati. Severn haikufika ziwani, labda kama ilipanda treni kwa siri. Bukoba ilishambuliwa Juni 1915 na wanajeshi waliosafirishwa kutoka Kisumu kwa meli za ziwani zenyewe, wakati Severn na Mersey, zilizovutwa kutoka Malta hadi kisiwa cha Mafia, zilikuwa zikijiandaa kwa kazi ya Rufiji. Waingereza walivusha nchi kavu boti mbili, Mimi na Toutou, nazo zilipelekwa ziwa Tanganyika mwaka huohuo. Zilikuwa na urefu wa futi 40, yaani milimita 17 kwa skeli yetu, ukubwa wa punje mbili tatu za mchele. Anayetafuta adhabu na ajenge hizo.

#6 Gati_la_Zamani

Marahaba, binti yangu. Nimesahihishwa.

#7 Fundi_wa_Winam

Asanteni. Kondele77, seti ilikaa ndani ya droo ya chuma katika chumba chenye dari, mbali na dirisha. Siwezi kuapa kuhusu safari yake, kwa sababu ilichukua wiki sita kufika na sijui ililala katika maghala gani. Mwalimu, maelezo yako yameniingia, lakini ganda langu halikujikunja mara tu nilipokata bamba. Lilikaa siku tano bila neno.

#8 Dada_Msasa

Bamba halina hatia, na joto halina hatia. Nishtaki mkono.

Chukua ganda sasa hivi ulishike kama ulivyolishika siku unalisugua. Vidole viko wapi? Bila shaka kidole gumba kimoja kiko karibu na omo na kingine karibu na tezi, kwa kuwa katikati pana daraja la nahodha na vitu vinavyochoma. Ukisukuma mbele, omo inakandamizwa. Ukivuta nyuma, tezi inakandamizwa. Miisho inaliwa zaidi, na baada ya dakika 20 una ganda lenye kitumbo. Halijapinda, kaka, limelika! Ndiyo maana linayumba juu ya kioo kama mtumbwi.

Fanya jaribio hili. Chora mistari ya penseli chini ya ganda lote kutoka omo hadi tezi, kisha lipitishe mara mbili tu juu ya msasa mwembamba uliobandikwa kwenye kioo, ukilishika katikati kwa kidole kimoja. Mahali ambapo penseli inafutika kwanza ndipo palipo juu. Na wote mnaosugua resini mkavu-mkavu bila maji wala barakoa, vumbi hilo si unga wa ugali. Likiingia kifuani halitoki kwa maziwa.

#9 Fundi_wa_Winam

Nimefanya. Penseli ilifutika katikati, katika eneo la urefu wa sentimita tatu hivi, na miisho yote miwili ikabaki na mistari yake kama nilivyoichora.

#10 Dada_Msasa

Kesi imefungwa.

#11 Mwalimu_wa_Section58

Kesi haijafunguliwa, dada. Ganda lililopinda kwenda juu kwenye miisho litafuta penseli katikati, na ganda lililolika kwenye miisho litafuta penseli katikati vilevile. Jaribio lako haliwezi kutofautisha mgonjwa na maiti. Linaloweza kutofautisha ni sitaha, sakafu ya juu ya meli: Fundi aweke ukingo wa rula ya chuma juu ya sitaha, kwa sababu sitaha haikuguswa na msasa. Ikiwa sitaha nayo imebonyea katikati, ganda limepinda.

#12 Fundi_wa_Winam

Nimeweka rula, mwalimu. Katikati pana mwanga mwembamba unaopita. Lakini sijui kama mwanga huo ulikuwapo tangu mwanzo, kwa kuwa sitaha za meli nyingi hupanda kidogo kuelekea omo kwa makusudi, na mchoro nilio nao ni wa kutoka juu tu, hauonyeshi ubavu.

#13 Seremala_wa_Bungoma

Nimesoma kimya hadi hapa, na ninaona mnamhoji shahidi mmoja huku mshukiwa ameketi nyuma yenu. Plaiwudi! Mwenzetu amesema alibandika ganda juu ya plaiwudi, na omo ikabanduka siku ya nne kwa mlio. Supagluu haibanduki kwa mlio bila kuvutwa na kitu.

Mbao haifi, hata ikipasuliwa, kubandikwa tabaka na kupigwa randa. Unyevu ukipanda inavimba, ukishuka inasinyaa. Ukipaka rangi upande wa juu peke yake, na nadhani ndivyo alivyofanya ili kupata bahari ya bluu, upande wa chini unakunywa unyevu huku wa juu umezibwa, na ubao unajikunja kama chapati iliyosahauliwa kwenye tawa. Ganda lililogandishwa juu yake halina budi kulifuata. Siku nne za kushikwa katika mkunjo huo zinatosha kulifundisha resini umbo jipya, hasa kama bado ni changa.

Mimi nilijenga Liemba, meli ya ziwa Tanganyika, kwa mkono, si kwa seti, na kwa skeli hiyohiyo inatoka milimita 102. Niliiweka juu ya kipande cha mvule kilichokauka miaka, nikakipaka vanishi pande zote sita. Ipo kabatini hadi leo na haijainua hata kidole.

#14 Fundi_wa_Winam

Ni kweli nilipaka upande wa juu tu. Nimeweka plaiwudi yenyewe juu ya kioo sasa hivi na imejikunja, lakini imejikunja kwa upana, si kwa urefu.

#15 Seremala_wa_Bungoma

Na ganda ulilibandika kufuata urefu wa ubao au kwa pembe?

#16 Fundi_wa_Winam

Kwa pembe. Nilitaka ionekane inapinda kona ya mto.

#17 Seremala_wa_Bungoma

Ahaa.

#18 Fundi_Rangi_Kibuye

Hakuna aliyeuliza kuhusu praima. Sisi tunaopuliza magari tunajua kwamba koti zito la praima likikauka husinyaa, na kama limepakwa upande mmoja tu wa kitu chembamba, hukivuta upande huo. Nina shaka pia na thina, kile kimiminika cha kuzimulia rangi, kwa sababu thina ya magari ni kali na huenda imelainisha sitaha wakati chini kumebaki kugumu. Hesabuni siku: bamba lilikatwa, siku tano kimya, kisha praima, kisha matatizo.

#19 Dada_Msasa

Thina huyeyusha plastiki ya polistirini, na hilo sote tumeliona kwa machozi. Poliyurethani ni mtu mwingine. Nilitumbukiza kibanda cha resini katika thina kwa dakika 10 ili kutoa rangi mbaya, pamoja na kipande cha plastiki nilichodhani ni resini. Kibanda kilitoka kama kilivyoingia. Kile kingine kilikuwa uji.

#20 Fundi_Rangi_Kibuye

Dakika 10 za kuzamisha si siku tatu za thina iliyonaswa chini ya koti, dada yangu. Hata hivyo nakubali kwamba sijawahi kupuliza kitu kifupi kuliko kioo cha pembeni cha matatu.

#21 Kondele77

Mimi narudi kwenye joto, kwa njia ya sufuria. Mwalimu anaishi Nakuru, mita 1,850 hivi juu ya bahari, ambako maji huchemka kwa nyuzi 94, wakati hapa Kisumu, kwenye mita 1,130, huchemka kwa 96. Huenda ndiyo sababu ganda lake halikunyooka vizuri.

#22 Mwalimu_wa_Section58

Takwimu zako ni sahihi, hitimisho limekwenda kombo. Resini hizi huanza kulainika mapema sana kabla ya maji kuchemka, kwa hiyo nyuzi mbili za mwishoni hazina kazi. Kinachoharibu ni kuondoa mkandamizo mapema. Ganda linatakiwa lipoe likiwa limebanwa juu ya kitu tambarare, nje na ndani, na katikati ya resini huchelewa kupoa kuliko ngozi yake. Fundi, lilikaa chini ya kamusi kwa muda gani?

#23 Fundi_wa_Winam

Usiku mmoja. Ila kamusi yenyewe jalada lake limebonyea.

#24 Gati_la_Zamani

Nami niulize la pembeni, kwa kuwa nimeona picha ya kazi yako: mnara ule wa mizinga miwili pale mbele ni wa nini, ikiwa unajenga Severn ya Rufiji?

#25 Mwalimu_wa_Section58

Swali zuri, mzee, na ni afadhali limeulizwa kabla ya gundi. Mizinga ya mnara huo ilichakaa katika mapigano ya pwani ya Ubelgiji, mnara ukaondolewa, na mahali pake pakawekwa mizinga ya inchi 6 mmojammoja, mbele na nyuma. Meli iliyoingia Rufiji tarehe 6 na 11 Julai haikuwa na mnara. Ukitaka kuona chuma halisi cha kisa hiki, mmoja wa mizinga ya Königsberg uko Fort Jesus, Mombasa.

#26 Fundi_wa_Winam

Mnanirudisha nyuma kila ninapopiga hatua, lakini asante. Mnara umetoka kwa kisu, haukuwa umeshika sana. Na kamba za mlingoti nifanyie nini? Nimepewa uzi wa nyavu pale Dunga.

#27 Dada_Msasa

Pima kwanza. Uzi wa milimita 0.1 kwa skeli hii ni kamba yenye unene wa sentimita 7, na huo wa nyavu ni mnene zaidi; utakuwa umefunga mlingoti kwa shina la mgomba. Pasha moto kipande cha fremu ya plastiki, ile inayoshika vipande vya seti, juu ya mshumaa, kikianza kung'aa kivute taratibu, utapata uzi mwembamba kuliko nywele. Kosa hilohilo ndilo walilofanya wanaotaka kuweka gugumaji kuzunguka meli za ziwa letu kwa majani ya chai: jani la milimita moja ni gugu la sentimita 70, na ukiyamwaga kwa kijiko umepanda msitu wa Kakamega.

#28 Seremala_wa_Bungoma

Tusipotee. Fundi, dawa ninayoipendekeza, chanzo kiwe chochote, ni hii: chimba mfereji mwembamba chini ya ganda kutoka omo hadi tezi, lalisha ndani yake spoki ya baiskeli iliyokatwa, ujaze kwa supagluu na bikaboneti huku ganda limebanwa juu ya kioo. Chini hakuna atakayeona.

#29 Kondele77

Spoki iliyonyooka utaipata wapi? Za bodaboda wa baiskeli wa huku zote zimeshabeba magunia.

#30 Mwalimu_wa_Section58

Ganda la milimita 116 likivutwa na chuma bila mvutano wake kuondolewa litapasuka mahali pengine. Wengine hujenga bahari yenye wimbi ili kuficha nafasi. Delta ya Rufiji haina wimbi la sentimita 77.

#31 Fundi_wa_Winam

Nimekumbuka jambo. Lile bamba nililolikata bado ninalo. Halikupigwa msasa, halikupakwa praima, halikubandikwa popote, nalo limekuwa ndani ya droo ileile ya chuma. Nimeliweka juu ya kioo leo, na limejikunja karatasi 4, kwa kuelekea upande ule ule.

#32 Mwalimu_wa_Section58

Basi msasa, praima na plaiwudi vimeachiwa huru kwa pamoja. Nilisema tangu #3.

#33 Dada_Msasa

Pole pole, mwalimu. Maelezo yako ya #3 yalikuwa kwamba bamba na ganda vinavutana. Vikiachana, si vingejikunja kwa pande zinazopingana? Na bamba hilo lilipokatwa, kuna aliyelipima?

#34 Fundi_wa_Winam

Sikulipima. Nilikuwa nalitupa.

#35 Kondele77

Viwili vilivyojikunja upande mmoja vilipata shida moja, mahali pamoja, kabla ya kuachanishwa. Wiki sita ghalani. Mimi nakaa na mabati yangu.

#36 Seremala_wa_Bungoma

Karatasi 4 dhidi ya 11. Hizo 7 zilizobaki ni za plaiwudi. Kila mtu apewe sehemu yake.

#37 Fundi_wa_Winam

Nimepima tena leo asubuhi baada ya mvua ya usiku. Ganda limekaa wiki nzima huru juu ya kioo, halijaguswa, na omo sasa inapokea karatasi 9 badala ya 11. Sijalifanya chochote. Je, linajinyoosha lenyewe?

#38 Gati_la_Zamani

Karatasi hizo ni zilezile za siku ya kwanza?

#39 Fundi_wa_Winam

Ni zilezile, mzee. Nimeziacha dirishani.

#40 Gati_la_Zamani

Basi nazo zimekunywa mvua na kunenepa. Zikaushe, upime tena.